Hiyo Siyo Kuvuja, ni Jasho

Chini ya mwarobaini wa nyumbani kwetu Iguguno pana doa jeusi lenye ukubwa wa sinia. Halijaota nyasi tangu nizaliwe. Kuku, ambao hawaachi sehemu ya uwanja bila kuichakura, hulizunguka. Hapo ndipo Baba alipokuwa akiegesha Honda yake, na chini ya injini aliweka kopo la maziwa ya unga lililokatwa nusu. Usiku kucha lilikuwa likipokea matone. Asubuhi Baba alilichungulia, akasema "leo kidogo" au "leo imezidi", kisha akaenda kumimina oili ile kwenye nguzo za zizi ili mchwa wasizile. Nguzo zetu zimedumu kuliko za majirani wote. Mama alikuwa akisema ana mke mwenza anayenuka oili.

Ni Honda CG 125 ya mwaka 1985. Ilifika mkoani Singida na mradi wa kilimo, ikiwa na namba za DFP, na ikakabidhiwa kwa Baba, bwana shamba kijana aliyekuwa ametoka chuo cha Ukiriguru. Mradi ulipokwisha, pikipiki ikapigwa mnada mwaka 1997 na Baba akainunua kwa akiba yake. Kwa pikipiki hiyo alikwenda Tumuli, Kinyangiri, Nduguti, Gumanga, nyuma amefunga mifuko ya mbegu za mtama na alizeti, enzi ambazo ukiharibikiwa njiani unasukuma mpaka uone moshi wa jiko la mtu. Baba amestaafu. Pikipiki haikupewa barua.

Ukimwambia inavuja alikuwa anakusahihisha. "Hiyo siyo kuvuja, ni jasho. Mashine inayofanya kazi lazima itoe jasho." Alikuwa na tafsiri kamili: jasho ni unyevu unaoshika vumbi na kubaki palepale, kuvuja ni tone kuanguka chini. Kwa tafsiri yake mwenyewe, lile kopo lilikuwa ushahidi dhidi yake, lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

Julai mwaka jana nilirudi nyumbani kutoka Dodoma nikiwa na kompyuta, rasimu ya sura tatu za tasnifu ya umahiri, na deni la ada la shilingi 1,400,000. Bila kulilipa, kazi yangu isingepokelewa. Nilimweleza Baba tukiwa mezani. Alimaliza tonge lake, akanywa maji, akasema, "Tutauza Honda."

Mnunuzi alikuwepo. Mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Misigiri alikuwa akiitamani kwa miaka miwili. Alisema hizi za siku hizi zinachoka upesi, anataka Honda yenyewe. Alikuwa ameshakuja mara kadhaa, na kila alipokuja Baba alimwonyesha kopo. "Inavuja, bwana. Siwezi kukuuzia ugonjwa. Ngoja niitengeneze kwanza." Safari hii alipopigiwa simu alisema, ikiacha kuvuja, 1,500,000 mkononi. Ikiwa inavuja, laki nane.

"Nitaitengeneza mimi," nikasema.

Baba aliniangalia, kisha akanawa mikono tena ingawa alikuwa ameshanawa.

Sikuwa nimejisifu tu. Nilikua nikimshikia spana. Nikiwa darasa la tatu nilijua namba kumi na namba kumi na nne kwa kushika tu, bila kutazama. Ila kushika spana na kujua pa kuifunga ni mambo mawili. Nilichokuwa nacho zaidi ni simu. CG 125 bado inaundwa Pakistan, na mafundi wa huko wamerekodi video za kila kona ya injini ile. Kiurdu sikijui hata neno. Nilijifunza kwa kuangalia mikono.

Hapa nitoke nje ya uwanja wetu kidogo, maana ile injini ina historia ambayo wengi wetu tunaipanda kila siku bila kuijua. Honda waliitoa CG katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama yetu. Waliona kwamba injini zao zenye kemshafti juu, inayoendeshwa kwa mnyororo, zinakufa mapema mikononi mwa watu wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kumwaga oili. Wakarudi kwenye mpango wa zamani: kemshafti chini, na fimbo mbili za kusukuma valvu. Ni mashine iliyochorwa ikijua kwamba itapuuzwa. Baadaye viwanda vya China vikaiiga, na pikipiki za Kichina zilipomiminika Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nyingi zilikuwa na injini ya ukoo huo. Kwa hiyo bodaboda aliyekushusha leo huenda alikuwa amekalia mjukuu wa Honda ya Baba. Kwangu faida ilikuwa moja: gasketi na sili za bodaboda, zinazopatikana hata pale stendi ya Iguguno, nyingi zinaingia.

Lakini uvumilivu wake una mpaka. Injini ile inabeba oili lita moja hivi, na oili hiyohiyo ndiyo inalainisha pistoni, gia na klachi. Ikipotea robo lita, hujapoteza kidogo. Na ile inayotoka haiishii kwenye kopo. Ukiwa mwendoni inarushwa nyuma, na nyuma kuna tairi.

Nilianza kwa fundi wa pale barabarani, kijana wa rika langu. Aliinama sekunde tano. "Dada, hiyo pakaa silikoni tu. Elfu tano." Nilimshukuru. Nilikuwa nimeshaona kwamba chini ya injini kote kumepakwa silikoni nyekundu, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto aliyepakwa dawa ya kidonda na kila jirani.

Kosa la kwanza katika kutafuta oili inakotoka ni kuamini pale unapoliona tone. Oili inashuka, na ukiendesha upepo unaisukuma nyuma. Tone linaloning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili huenda limezaliwa sentimita ishirini juu yake na mbele yake. Na Singida upepo tunao, vumbi tunalo. Baada ya siku moja injini nzima ina ukoko mmoja, na huwezi kujua nani kaanza. Kwa hiyo unaosha. Niliosha kwa dizeli na mswaki wa zamani, nikarudia kwa sabuni, nikaanika juani, kisha nikainyunyizia poda ya mtoto mpaka injini ikawa nyeupe kama andazi kabla ya kukaangwa. Mama alitoka jikoni, akaangalia, akarudi ndani bila kusema kitu. Niliwasha, nikazunguka mpaka barabara ya lami na kurudi, nikachuchumaa. Kwenye poda, oili haina pa kujificha. Unatafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Zilikuwa tatu. Kifuniko cha kulia, upande wa klachi. Sili ya shafti inayozungusha sproketi ya mbele. Na bolti ya kumwagia oili, ambayo kumbe nayo ilikuwa na kesi yake: washa ya aluminiamu ilikuwa imetumika mara nyingi hadi ikawa nyembamba na ngumu, na mtu fulani, badala ya kununua mpya ya shilingi mia chache, alikuwa akiongeza nguvu ya spana.

Kifuniko cha kulia kilinichukua siku mbili. Skrubu zake zilikuwa zimelika vichwa. Unapiga bisibisi kwa nyundo huku unaizungusha. Ikikataa unaipa dizeli na usiku mmoja. Kilipotoka, nilielewa kwa nini kinavuja: fundi wa miaka hiyo alikuwa amekibandua kwa kuchomeka bisibisi kati ya kifuniko na injini, na palibaki kovu refu kama ukucha. Gasketi haiwezi kuziba kovu. Ndiyo maana walimwaga silikoni. Na silikoni, ukiibana, nusu inatoka nje unayoiona, nusu inaingia ndani usiyoiona. Nilivuta chujio la oili. Lilikuwa limejaa vipande vyekundu, laini, kama minyoo. Nilimwita Baba.

Alivishika kwa kidole, akavipanga kwenye jiwe. "Hivi vingeziba, injini ingekauka," alisema. "Na mimi nilikuwa naiongezea oili kila asubuhi nikijua naiokoa."

Kovu nililiondoa kwa kusugua kifuniko kwenye msasa laini uliowekwa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikizungusha polepole kwa namba nane. Kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote nyumbani kwetu. Gasketi ya bodaboda haikukaa sawasawa na matundu yake, kwa hiyo nilinunua karatasi ya gasketi na kukata mwenyewe. Hili nalipenda kulisimulia. Hutumii mkasi. Unalaza karatasi juu ya kifuniko, unagonga ukingoni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu, na ukingo wa chuma wenyewe unaikata. Kwenye matundu ya skrubu unaweka gololi, unagonga mara moja. Unapomaliza una umbo la kifuniko mkononi, jepesi kama kivuli chake. La kwanza nililichana. La pili nilisahau tundu. La tatu nililipaka oili pande zote mbili na kulifunga, skrubu moja kulia, inayofuata upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka zote zikashika.

Sili ya shafti ilikuwa rahisi: namba za vipimo zimeandikwa usoni mwake, unasoma, unanunua kama hiyo. Washa mpya nayo ikaingia. Nikajaza oili, nikaosha tena, nikapaka poda tena, nikaenda mpaka Tumuli.

Niliporudi, sehemu zote tatu zilikuwa zimelowa. Si jasho. Matone.

Nilikaa chini kwenye lile doa jeusi na sketi yangu. Fundi wa barabarani, ambaye alikuwa amepita kuangalia maendeleo, safari hii hakusema silikoni. Alisema ringi. Ringi zikichakaa, mgandamizo wa mlipuko unapenya kando ya pistoni na kushuka chini ya injini, na ule msukumo unatafuta pa kutokea: unasukuma oili kupitia gasketi mpya, sili mpya, chochote. Kupasua injini, kuchonga bloku, pistoni mpya. Alitaja bei. Niliondoa bei hiyo kwenye milioni moja na nusu, nikaona deni langu haliishi.

Usiku ule sikulala, nikarudi kwenye video za Pakistan. Katika moja, mzee mmoja mwenye ndevu zilizopakwa hina aliacha injini ikinguruma, akafungua kijiti cha kupimia oili, akaweka kiganja juu ya tundu. Kisha akainama nyuma ya injini, akavuta kimpira chembamba, akapuliza.

Kimpira cha pumzi. Kila injini ya namna hii inapumua: pistoni ikishuka, hewa ya chini yake lazima itoke mahali, na mahali hapo ni kimpira kinachoning'inia wazi nyuma ya injini. Nilikuwa nimekiosha kwa nje. Sikuwa nimewahi kujiuliza kinafanya nini.

Asubuhi nilikivuta, nikapuliza. Sawa na kupuliza ukuta. Nikachukua waya, nikachokonoa, na udongo ukaanza kumwagika kiganjani: vipande vigumu, ndani yake maganda ya mdudu na vijiguu vya buibui vilivyokauka. Nyigu mfinyanzi. Anapenda matundu ya ukubwa ule. Anaingia, anataga, anaweka buibui chakula cha mtoto wake, anaziba kwa tope na kwenda zake. Tope lilikuwa la aina mbili. La mbele lilikuwa jekundu na linapukutika. La ndani zaidi lilikuwa la kijivu, gumu kama kigae, na limelowa oili.

Nilimpelekea Baba kiganja kizima. Alikuwa ameketi na daftari lake la mvua. Tangu mwaka 1984 anaandika mvua ya kila msimu, tarehe ya kwanza kunyesha, tarehe ya mwisho, na nani aliwahi kupanda.

"Shikamoo Baba. Angalia kilichokuwa kwenye pumzi."

Hakushangaa. "Marahaba. Huyo huwa namtoa kila mwezi wa sita. Kwa spoku ya baiskeli."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nilisahau."

Nilitazama udongo wa kijivu. "Na mwaka jana?"

Alifunga daftari. "Mama, hebu nenda ukajaribu hiyo pikipiki jua halijawa kali."

Alikuwa na miaka miwili yule mfanyabiashara wa vitunguu, tangu siku ya kwanza alipokuja. Nilihesabu nikiwa nafunga kile kimpira, nikahesabu tena nikiosha injini kwa mara ya tatu. Baba yangu hasahau. Ninaye mbele yangu mtu anayejua kwamba mwaka 1993 mvua ya kwanza ilinyesha siku gani. Nilikasirika, sijui vizuri ni kwa lipi: kwamba aliacha Honda yake iumie ili asiiuze, au kwamba alitamka "tutauza Honda" mezani, mbele yangu, huku akijua spoku iko wapi. Nilifikiria pia kuurudisha ule udongo. Ingekuwa kazi ya dakika moja. Ningesema ringi zimekwisha, fundi angeshuhudia, na Baba angeendelea kuchungulia kopo lake kila asubuhi.

Lakini nilihitaji ile pesa. Naliandika hivyo bila kulipamba. Nilikuwa nimebakiza sura mbili, na hakukuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa ng'ombe wa Mama, ambao si wangu wala wa Baba.

Poda ilibaki nyeupe mpaka Tumuli na kurudi. Kesho yake nilimwambia Baba twende Nduguti. Nilitarajia akatae; alivaa koti lake la mvua, kiangazi, na kofia. Yeye nyuma, mimi mbele. Njia nzima alinionyesha mashamba kwa mkono kupita bega langu: pale nilileta alizeti ya kwanza, pale mwenye shamba alinifukuza na fimbo, pale nilitoboka tairi nikalala kwa mzee mmoja siku tatu kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Nilikuwa namsikia nusu nusu kwa upepo. Nduguti tulikunywa soda. Kabla ya kurudi alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya kifuniko cha kulia, akakiangalia kidole.

"Kikavu," alisema. Kisha, baada ya muda: "Umekata vizuri."

Usiku ule aliondoa kopo, akatandaza boksi jeupe la viatu chini ya injini. Asubuhi nilimkuta ameshalishika, analigeuza upande huu na upande huu.

Mnunuzi alikuja Jumamosi. Alipiga kiki mara moja, ikawaka. Alilala chini kabisa, na shati lake la kutokea, akamulika kwa simu. Walihesabu pesa sebuleni. Baba hakutoka kumsindikiza mpaka yule bwana alipokuwa ameshakaa juu ya pikipiki. Ndipo akatoka na spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, iliyofungwa kitambaa upande mmoja ili isichome mkono.

"Kila mwezi wa sita," akamwambia, "unachomeka hapa. Usisahau."

Nililipa ada Jumatatu iliyofuata.

Wiki tano baadaye, nikiwa Dodoma, Baba alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Yule bwana wa vitunguu amepiga simu, anasema inavuja upande wa kulia. Nikaanza kuomba radhi.

"Subiri. Nimemuuliza: tone linaanguka, au vumbi linashika? Akasema vumbi linashika. Nikamwambia, hilo ni jasho. Lakini nimemwahidi nitapita kuangalia." Nilisikia pikipiki ikinguruma karibu naye, na mtu akisema mzee panda twende. "Nachukua boda mpaka Misigiri. Nimebeba namba kumi. Huko Dodoma zipo zile karatasi za gasketi?"

Nikasema zipo.

"Nitumie kwa basi. Mbili, siyo moja."